Usikubali giaboksi ishushwe kabla sensa haijaangaliwa

Wasee wa Mariakani, leo tuseme ukweli. Gari ya auto ikianza kuingiza gia kwa kishindo na mshale wa spidi umelala kwenye sifuri, kuna fundi atakwambia papo hapo, "Giaboksi imekufa." Mimi nasema: pole pole.

Kuna kitu kinaitwa sensa ya spidi. Si ile ya kuhesabu watu! Hii ni kidude kidogo, kwa gari nyingi kiko ubavuni mwa giaboksi. Kinahesabu mizunguko na kuambia kompyuta gari inaenda kasi gani, ndio kompyuta iamue gia ibadilike lini. Kikidanganya, hata giaboksi nzima itaonekana mbovu.

Kwa hivyo kazi ianze hivi: gari ipimwe kwa mashine, ziangaliwe waya na plagi, kisha sensa. Mara nyingi imeshikwa na bolti moja tu. Pasafishwe kwanza mchanga usiingie ndani, mpira wa sensa mpya upakwe oili ya giaboksi, isukumwe kwa mkono. Hakuna nyundo hapo. Zile ambazo sensa iko ndani kabisa, hiyo ni kazi kubwa zaidi.

Na usizoee kuendesha bila mshale. Barabara ya Mombasa–Nairobi imejaa malori, na mjini sheria ni kilomita 50 kwa saa. Utajuaje umepitisha?

Fundi mzuri haudhiki ukimuuliza, "Sensa umeiangalia?" Akikasirika, chukua ufunguo wako, tafuta mwingine.