Majilio na Mlango wa Ofisi

Jumapili nne za Majilio zatufundisha kungoja. Lakini sisi makarani tuna neno letu la kutafakari kabla ya Noeli: ofisini hatungoji, twangojwa.

Luka aandika ya kuwa Yusufu na Mariamu walisafiri toka Nazareti mpaka Bethlehemu kwa amri ya Kaisari Augusto, ili waandikwe. Basi hata katika habari ya kuzaliwa Bwana wetu, kazi ya karani imo. Kitabu cha serikali kilikuwa na nafasi ya majina yao. Nyumba ya wageni haikuwa na nafasi yao wenyewe.

Nchi yetu nayo ilihesabu watu wake katika Sensa ya mwaka 2022, wakapatikana 61,741,120. Hesabu ni njema, wala hatuidharau. Ila mtu si hesabu tu.

Hapa Mzinga, chini ya milima ya Uluguru, Desemba yaweza kuwa na mvua na matope. Mama ashukaye mlimani na mtoto mgongoni kutafuta cheti cha kuzaliwa, akaambiwa "Njoo kesho," amekosa nafasi kama Mariamu. Neno hilo kwetu ni jepesi. Kwake ni mlima mzima.

Pilau na nguo mpya si vibaya, lakini maandalio yetu ni haya: kabla ya kufunga ofisi kwa sikukuu, kila jalada lililolala mezani lishughulikiwe, na kila aketiye barazani aitwe kwa heshima, ajibiwe. Aliyezaliwa horini asikute mlango wetu umefungwa.