Mpagazi Yuko Wapi? Hoja ya Mfinyanzi wa Visanamu

Haya wasomaji wangu, leo naweka kando hifadhidata na msimbo nizungumzie uraibu wangu wa usiku: visanamu vya kihistoria. Najua kuna watakaosema jamaa ameishiwa. Subirini kidogo. Tarakilishi itaingia, na jambo la kwetu pia limo.

Kwa wasiojua, hivi ni visanamu vya watu wa kale vilivyotengenezwa kwa madini, plastiki au resini. Vile vya michezo ya vita ya mezani huwa na urefu wa milimita 28 hivi, na vya kuweka kabatini mara nyingi ni milimita 54. Kazi zake ni tatu. Kuna kufinyanga, yaani kuunda mtu kuanzia waya mtupu. Kuna kugeuza, yaani kuchukua kisanamu cha dukani ukakata mkono, ukabadili kofia, akawa mtu mwingine. Halafu kuna kupaka rangi. Wenzangu wa programu huria mtaelewa haraka: kugeuza ni kuchukua msimbo uliopo na kuurekebisha ufanye kazi ambayo mwandishi wa kwanza hakuifikiria.

Sasa hoja yangu. Uraibu huu una historia ndefu Ulaya, na tangu zamani umempenda mwenye bunduki. Mwaka 1893 William Britain wa London alianza kuuza wanajeshi wa risasi walio tupu ndani. Madini yaliyoyeyuka yalimiminwa kwenye kalibu, yakishika ukutani yaliyobaki yakamwagwa nje. Madini kidogo, bei nafuu, watoto wengi wakanunua. Mwaka 1913 H. G. Wells akachapisha kitabu cha kanuni za kucheza nao, "Little Wars". Mwaka uliofuata vita vya kweli vikaanza, na vikafika hadi kwetu.

Vita vile vya Afrika Mashariki, 1914 hadi 1918, leo vina visanamu vyake. Utampata askari wa KAR, utampata askari wa Wajerumani, utampata afisa Mzungu mwenye darubini. Lakini katika katalogi nyingi nilizopitia, mpagazi ni nyongeza: mmoja au wawili mwishoni, kama miti na mawe ya kupamba meza.

Ukweli ulikuwa kinyume. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe, barabara hazikuwepo, kwa hiyo chakula, risasi na dawa vilisafiri juu ya vichwa vya watu. Upande wa Waingereza peke yake walichukuliwa watu karibu milioni moja, wengi kwa lazima. Hesabu rasmi ya waliokufa inakaribia 95,000, na wapo wanahistoria wanaoamini walikuwa zaidi. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, njaa na uchovu. Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zilipata majina yake kutokana na kikosi chao, Carrier Corps. Tunapita pale kila siku kununua viondo na nguo bila kuwaza.

Kwa hiyo nasema hivi: anayetengeneza meza ya vita vya Afrika Mashariki akaweka askari ishirini na mpagazi mmoja, ametengeneza kitu kisichokuwepo. Hata akipatia kila kifungo cha koti, hesabu yake ni mbovu. Sisi waandishi wa programu tunajua kwamba mchoro mzuri juu ya data mbovu bado ni data mbovu.

Dawa ipo, nayo ni kugeuza. Chukua kisanamu chochote kinachotembea. Kata bunduki kwa koleo ndogo. Toboa bega kwa keekee ya mkono, ingiza waya, pinda mkono uelekee juu. Kisha tumia Green Stuff, ile epoksi ya ukanda wa bluu na wa manjano inayogeuka kijani ukiikanda. Una kama saa moja na nusu kabla haijakaza, na ulowanishe kifaa chako isinate. Hapo mvike shuka au kaptula. Sanduku la risasi ni vipande vya plastiki bapa. Gunia ni donge la epoksi lililogandamizwa kwa kitambaa ili lipate alama za nyuzi.

Uzito ndio mtihani. Mtu aliyebeba kilo 25 kichwani hainamishi kichwa: shingo imenyooka, mabega yako sawa, kinachofanya kazi ni kiuno na magoti. Usisahau kata, au ngata kama wengine wanavyoiita, kati ya kichwa na mzigo. Hapa msomaji wa Machakos au Kisumu anamzidi mfinyanzi yeyote wa Ulaya, kwa sababu amewaona watu wakibeba tangu utotoni.

Rangi nayo ina siri. Usianze na nyeusi ukaongeza nyeupe, utapata mtu wa majivu. Anza na hudhurungi iliyokolea, panda kwa hudhurungi yenye wekundu, malizia na tone la rangi ya udongo wa manjano kwenye paji la uso, pua na mifupa ya mashavu.

Wasio na mikono mizuri wana tarakilishi. Blender ni programu huria na ya bure. Unafinyanga kwenye skrini kama udongo. Printa ya resini hukausha umbo kwa mwanga tabaka baada ya tabaka. Tabaka likiwa milimita 0.05, mtu wa milimita 28 anatimia kwa tabaka 560. Vaa glavu na fungua madirisha, resini mbichi si rafiki wa ngozi. Tena soma leseni ya faili unayorekebisha. Kugeuza kisanamu ulichonunua ni haki yako, lakini kutoa nakala za kazi ya mwingine ukauza ni wizi, iwe kwa kalibu au kwa faili.

Kuna pingamizi mbili nazisikia. Ya kwanza: huu ni mchezo tu, siasa ya nini? Najibu kwamba anayehesabu vifungo vya afisa ameshakubali kwamba ukweli una maana. Namwomba aufikishe kwa mbeba mzigo pia. Ya pili ni nzito zaidi: je, si kufanyia mchezo msiba wa babu zetu? Hii naiheshimu. Lakini mpagazi asipokuwepo mezani, msiba haupungui, unafichwa tu. Pale Kenyatta Avenue, Nairobi, mchongaji James Alexander Stevenson alimsimamisha mpagazi wa shaba pamoja na wapiganaji. Jambo hilo lilionekana la heshima kwa sanamu kubwa, basi halishindikani kwa ndogo.

Ombi langu kwa wenye Blender na muda wa usiku: tengenezeni mpagazi mmoja mzuri, na mwingine aliyechoka, na mwingine aliyekaa chini akitoa mwiba mguuni. Muwape watu faili zake kwa leseni huria. Wa kwetu tukiwa wengi mtandaoni, yule anayepanga vita hivi mezani kule Uingereza au Marekani hatakuwa na sababu ya kumwacha nje.

Mnasemaje? Naomba kuwasilisha.