Uzamivu Usiwe Kilemba cha Ukoka

Ndugu wanachama wenzangu,

Katika mabaraza yetu ya jioni, tangu Kilwa Masoko hata Lindi mjini, liko neno linalorudiwa mara nyingi: ya kwamba karani aliyekwisha kupata shahada na kazi ya kudumu, akitaka tena kusoma hata shahada ya uzamivu, anatafuta kuitwa Daktari tu. Nimelifikiri neno hili siku nyingi, na leo naomba nafasi nilijibu, hasa kwa habari ya elimu ya uendeshaji wa vyuo vikuu, ambayo wengi wetu hatukudhani kuwa ni elimu.

Tukitaja chuo kikuu, humkumbuka profesa na mwanafunzi. Twasahau ya kuwa kati ya hao wawili lipo jalada. Yuko anayepokea maombi, anayetunza matokeo ya mitihani, anayegawa mabweni, anayepima fedha zitoshe hata mwisho wa mwaka. Jalada likipotea, mwanafunzi hukosa cheti chake, ijapokuwa profesa alifundisha vema. Nani ajuaye uzito wa jalada kuliko karani?

Tutazame Chuo cha Dar es Salaam. Kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiotimia 20, kisha kikahamia Mlimani mwaka 1964. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Bwana Cranford Pratt wa Kanada, akafuatwa mwaka 1965 na Daktari Wilbert Chagula, Mtanzania wa kwanza katika kiti hicho. Kilipokuwa Chuo Kikuu kamili, tarehe 1 Julai 1970, Mwalimu Nyerere alimweka Bwana Pius Msekwa kuwa Makamu Mkuu. Bwana Msekwa hakutoka katika uprofesa. Alikuwa amekwisha kuwa Katibu wa Bunge na Katibu Mtendaji wa TANU. Yaani mtu wa kanuni, mikutano na majalada, kama tulivyo sisi.

Lakini haukupita mwaka mmoja na siku chache, palizuka fitina. Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi, Bwana Akivaga, alifukuzwa baada ya kumwandikia Makamu Mkuu barua ya wazi, na wenziwe wakagomea masomo. Simlaumu mtu kwa habari hiyo. Nasema tu ya kuwa chuo hakiongozwi kama ofisi ya wilaya. Ofisini amri hushuka, nasi hutia sahihi. Chuoni walimu na wanafunzi hudai kusikilizwa, wala si utovu wa adabu, kwa maana kazi yao ni kuuliza. Kuendesha mahali pa namna hiyo kuna elimu yake, nayo haipatikani kwa kukaa kazini miaka mingi peke yake.

Mtu atauliza, yatuhusu nini sisi wa pwani ya kusini? Yatuhusu sana. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliikopesha nchi yetu dola milioni 425 kwa mradi wa HEET wa kukuza elimu ya juu, na katika mradi huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimepangiwa kampasi ya mambo ya kilimo huku kwetu Lindi, mahali paitwapo Ngongo. Majengo hujengwa kwa saruji. Lakini nani ataketi ndani yake? Sisemi wageni wasije, maana Kilwa ilikuzwa na wageni na wenyeji pamoja. Nasema ya kuwa ikiwa hatujiandai, watoto wetu watalinda lango na kubeba barua, na maamuzi yatafanywa na wasioijua pwani hii.

Mfano mmoja watosha. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa Serikali hutakiwa kueleza hali ya nyumbani kwao. Mtoto wa mvuvi wa pweza wa Songosongo aeleze nini, na baba yake leo amepata, kesho hakupata? Mtoto wa mkulima wa korosho au ufuta, ambaye fedha humjia mara moja kwa mwaka, naye je? Hilo ni swali la kuandikiwa tasnifu nzima, na wa kuliandika ni yule aliyezijaza fomu hizo pamoja na wazazi hao.

Kwa hiyo nampa shauri mwenzangu anayetamani. Kwanza, asianze na cheo, aanze na swali. Asiye na swali asipoteze miaka yake mitatu au zaidi. Pili, ahakikishe kwa Tume ya Vyuo Vikuu kwamba chuo anachokitaka kinatambuliwa, maana shahada za kununua ni kilemba cha ukoka. Tatu, asidhani lazima ahame: Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani, Lindi ikiwamo, na mtu aweza kusoma huku yu kazini.

Nanyi wakuu wa kazi, nawaomba kwa heshima. Namjua mwenzetu mmoja aliyeomba ruhusa ya masomo mara tatu. Mara mbili hakujibiwa, na mara ya tatu aliambiwa ofisi haiwezi kukaa bila yeye. Ikiwa ofisi haiwezi kukaa bila yeye, basi thamani yake imekwisha kukiriwa, na yafaa ikuzwe. Apewe ruhusa kwa mkataba wa kurudi kuitumikia pwani hii miaka kadhaa, wala asiachwe kuzeeka juu ya meza ile ile.

Chama chetu nacho kisikae kimya. Wenzetu wa zamani, wakiongozwa na Bwana Martin Kayamba, walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika huko Tanga mwaka 1922, hawakungoja kuambiwa ya kuwa wanastahili. Naomba mkutano wetu ujao ulijadili jambo la mfuko wa masomo, hata kama twaanza na mtu mmoja.

Neno uzamivu latokana na kuzama. Watu wa Kilwa wajua ya kuwa mzamiaji hasifiwi kwa kukaa chini ya maji, bali kwa alichokuja nacho juu.

Ni mimi mwenzenu,
Karani wa Kilwa