UCHAMBUZI: Wanafunzi waliotangulia wasiwatupe wageni vyuoni

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Ukweli wa msemo huu hudhihirika kwenye lango la chuo kikuu kila msimu wa kuwasajili wanafunzi wa mwaka wa kwanza unapowadia.

Kijana aliyepata gredi ya C+ au zaidi katika mtihani wa KCSE hupangiwa na asasi ya KUCCPS chuo ambacho pengine hajawahi kukiona. Wa Lamu hujikuta Maseno, wa Turkana akajipata Njoro. Kwa miaka minne aliamshwa kwa kengele ya shule. Sasa hana wa kumwamsha.

Mara nyingi anayemtambua kwanza si mhadhiri, bali tapeli. Mabweni ya vyuo vingi vya umma hayatoshi, hivyo wengi hulazimika kupanga nje. Hapo huzuka anayejidai wakala, akapokea kodi ya chumba kisicho chake na kutoweka. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu angemwepusha na hasara hiyo kwa neno moja tu, kwani anawajua wenye nyumba na anajua njia isiyopitika usiku.

Ndivyo ilivyo kuhusu masomo na fedha. Anayefahamu uchungu wa kukosa alama kwa sababu kozi haikusajiliwa kwa wakati ni yule yaliyemfika. Mkopo wa HELB, bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, hutolewa kwa awamu. Anayeufuja mwezi wa kwanza hulala njaa kabla ya muhula kwisha.

Haiwezi kudaiwa kwamba msaada haupo kabisa. Vyama vya wanafunzi wa eneo moja huwapokea wageni wao kwa ukarimu. Hata hivyo, ukarimu huo una bei. Mgeni hufungiwa miongoni mwa watu wa lugha yake, na kura yake katika uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi huahidiwa mtu asiyemjua. Isitoshe, wapo wenyeji ambao wema wao ni mtego, hasa kwa wasichana.

Kwa hivyo, msaada huu usiachiwe bahati. Kila idara yafaa iwateue wanafunzi wa mwaka wa tatu, kila mmoja akabidhiwe wageni watatu au wanne wa kozi yake kwa muhula mmoja. Majina yao yawekwe katika afisi ya msimamizi wa wanafunzi, ili anayekiuka imani aliyopewa aulizwe. Wasishike pesa za mtu yeyote. Kazi yao iwe kuonyesha njia, kutahadharisha na kusikiliza.

Mpango kama huo hauhitaji bajeti kubwa. Unahitaji vyuo vikubali kwamba hotuba ya siku moja ukumbini haitoshi kumkaribisha mtu.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliyepokelewa vyema mwaka huu ndiye atakayesimama langoni kuwapokea wengine.