Usajili wa ndege nyuki usogezwe wilayani
Kijana wa Nyamigogo akinunua ndege nyuki, iwe ya kupigia picha za harusi, kukagulia shamba au kujifurahisha tu, kanuni za mwaka 2018 zinamtaka aisajili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga na kupata kibali cha Wizara ya Ulinzi. Hatupingi. Eneo hili liko jirani na Rwanda na Burundi, na chombo kisichojulikana mwenyewe huzua hofu. Marekani nayo, tangu Machi 2024, inabana ndege zilizosajiliwa zitangaze namba zake kwa redio zikiwa angani. Lakini laini za simu zilisajiliwa kwa alama za vidole hadi vijijini. Kwa nini ofisi ya wilaya isipokee maombi haya, kuliko kijana arushe kwa kujificha na siku moja apoteze mtaji wake?