Saa za mama nazo ni gharama ya shamba

Mzazi, ukihesabu gharama za msimu huandika mbegu, mbolea, vibarua na usafiri wa magunia. Gharama moja huiandiki: saa za mama.

Chukua mfano wa familia inayolima mahindi hapa Mabwerebwere, Kilosa. Baba anaanza palizi saa moja asubuhi. Mama anachota maji, anapika uji, anaosha vyombo na kumwogesha mtoto, kisha anafika shambani saa nne. Hakuwa amelala, lakini shamba limemkosa kwa saa tatu. Palizi ikichukua siku 20, hizo ni saa 60, sawa na siku kumi za kazi ya saa sita. Palizi ikichelewa, magugu yanakula mbolea mliyoinunua na magunia yanapungua kwa nyumba nzima.

Taifa nalo linapoteza. Mwaka 2015 Benki ya Dunia na mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikadiria kuwa pengo la mavuno kati ya mashamba ya wanawake na ya wanaume likizibwa, pato la Tanzania lingeongezeka kwa dola milioni 105 kwa mwaka. Sababu kubwa iliyotajwa ni nguvukazi: mwanamke anayesimamia shamba hukosa wanaume wa kumsaidia.

Mtoto naye analipa. Wataalamu wa afya wanashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Mama aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84 kwa malipo, na akirudi kazini, hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mama mkulima hana mwajiri wa kumpa saa hizo. Familia ndiyo inayoweza kumpa. Isipompa, uji unaanza mapema, mtoto anaharisha, na pesa ya palizi inaishia kwenye dawa na nauli.

Mfanye nini? Leo jioni kaeni wote, mtaje kazi za siku nzima na nani anazifanya. Mwenye baiskeli, baba au kijana, abebe maji. Mtoto wa kiume afundishwe kupika na kuosha vyombo, ili dada yake naye apate muda wa daftari. Na mahindi yakiuzwa, mama awepo pesa zinapohesabiwa.