Mwalimu wa Angani Naye Awe Msafiri

Katika vilabu vya Ulaya ambamo watu hurusha eropleni zisizo na injini, wako wanaodhani kwamba kazi ya mwalimu ni kumwonyesha mwanafunzi kupaa, kuzunguka kiwanja na kutua. Na ya kuwa kwa kazi hiyo yatosha aijue mizunguko hiyo vema, hata kama hajapata kuvuka kilima cha pili. Sisi hatukubaliani na dhana hiyo.

Eropleni hii hubebwa na hewa ya moto ipandayo kutoka ardhini, au na upepo upandao mlimani. Rubani akiikosa mbali na kiwanja, hana budi kutua katika shamba la mtu. Akibakiwa na mita 300 hivi, sharti awe amekwisha kulichagua: upepo watoka wapi, ardhi imeinama upande gani, nyaya za umeme zapita wapi, mimea ina kimo gani. Hapana nafasi ya kujaribu mara ya pili. Je, atafundishwaje jambo hilo na mtu aliyelisoma kitabuni tu? Mwana hutazama kisogo cha nina. Mwalimu wa namna hiyo humrithisha mwanafunzi woga wake, ama humpa ushujaa usio na maarifa.

Wajerumani walilijua neno hili mapema. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulipowabana katika urushaji wa eropleni zenye injini, vijana wao walikwenda mlimani Wasserkuppe, na mwaka 1920 wakafanya mashindano ya kwanza. Wolf Hirth, aliyeongoza shule ya Grunau, ndiye aliyepewa nishani ya fedha ya kwanza mwaka 1931.

Twajua tutakavyojibiwa: bingwa wa safari aweza kuwa mwalimu mbovu. Ni kweli, kwa hiyo apimwe pia katika kufundisha. Lakini ubovu wa bingwa haumgeuzi asiyejua kuwa hodari.

Hatudai nishani ya almasi na safari yake ya kilomita 500. Nishani ya fedha, yaani safari ya kilomita 50, saa 5 angani na kupanda mita 1,000, si mzigo mkubwa kwa mtu anayekabidhiwa maisha ya vijana. Asiyeifikia na asaidie kiwanjani kwa heshima zote. Lakini asimfundishe mtoto wa mwenzake njia asiyoipita yeye mwenyewe.